Migongo Kumi na Minane

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Sijawahi kusahau jina la mtu aliyeniomba nimwongeze chumvi juu ya kibaba. Silitaji kwa sababu kazi yake ilikuwa ni kutokuwa na jina, na mimi nilishamharibia kazi hiyo mara moja, inatosha. Nitamwita Mchezaji. Kijijini kwake, upande wa Kitangari, hawakumwita hivyo hata siku moja. Walimwita mtega panya, na kweli alitega, na kweli hakuwa hodari. Mara nyingi nilimwona akitoka porini na kijiti kirefu chenye panya wawili, amekiweka begani kama mtu aliyebeba pembe ya ndovu.

Nilimfahamu kwa njia ya chumvi. Mimi ni wa Lisekese, huku chini Masasi. Baba yangu alifundisha chuo cha Kurani, ndiyo maana najua kuandika. Mume wangu alikufa mapema, ndiyo maana najua kuuza. Nilipanda juu na chumvi na shanga, nikashuka na nta na mtama. Kule juu hakuna maji. Mvua ikinyesha inazama mchangani kana kwamba haikuja, na wanawake wanateremka na mitungi hadi bondeni. Wanaondoka alfajiri, wanarudi jua limeshakuwa kali. Chumvi nayo hawana. Watu wasio na maji wala chumvi ni wateja wazuri, ila ni wagumu: wameshazoea kukosa.

Mchezaji alikuwa mgumu kwa namna yake. Mfupi, mwembamba, na kigugumizi cha kukatisha tamaa. Neno "chumvi" peke yake lilimchukua muda ambao mtu mwingine angenunua, akalalamika, akaondoka. Nikazoea kumwacha asimame pembeni mpaka alimalize. Akisimama, anatazama. Ilinichukua miaka kujua kwamba kilichomleta kilikuwa kule kutazama, na chumvi ilikuwa kisingizio.

Hapa lazima nieleze jambo la lipiko, maana asiyelijua hatafuata mengine. Vijana wakitoka jandoni, ngoma zinapigwa, na linatoka jitu lenye kichwa cha mti. Kichwa kimechongwa sura kamili, kimegandishwa nywele za mtu kwa nta, na mwili wote umefungwa nguo hadi ncha za vidole. Aliyemo ndani anaona kupitia mdomo wa kinyago. Halisemi neno, linacheza tu. Litacheza mzee mchoyo, litacheza bibi harusi, litacheza Mwarabu anayeogopa mbwa. Kwa wanaume ni jambo lao la jandoni. Kwa wanawake ni mfu aliyetoka ardhini, na wanawake hukimbia, hurudi, humtania, hukimbia tena. Kila mke anajua kama mumewe siku hiyo yuko nyumbani au hayupo. Lakini kujua ni kitu kimoja, kusema ni cha pili, na kuuona uso wa aliyemo ndani ni cha tatu. Lipiko ambalo mwanamke ameuona uso wake likicheza, limekufa. Hakuna faini, hakuna baraza. Mtu huyo hachezi tena.

Mara ya kwanza kuliona lake, lilitoka na sura ya mwanamke mwenye kipini puani. Likakaa chini, likatandika nguo ambayo haikuwepo. Likapima kitu ambacho hakikuwepo, likakisawazisha kwa kiganja, likahesabu. Kisha likageuza shingo pole pole, likawashuku watu wote waliozunguka, likaanza kuhesabu upya, safari hii kutokea mwisho. Uwanja ukapasuka kwa vigelegele. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akanigusa.

"Mama Saidi, ndugu yako kafufuka."

Ule mgongo ulikuwa wangu. Na ni mtu mmoja tu aliyewahi kusimama kwenye biashara yangu muda wa kutosha kujua kwamba hesabu ya pili huianza kutokea mwisho. Kesho yake alipokuja nikampa kibaba kilichopungua vidole viwili. Akakitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza neno likamtoka bila kukwama.

"Imepungua."

"Imelipia jana," nikamwambia.

Akachukua, akaenda zake. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kuhusu jambo lile kwa miaka mingi.

Alikuwa na misemo yake, ingawa kila mmoja ulikuja vipande vipande. Akizungumzia kazi alisema "wale wanaocheza", kama mtu anayesimulia habari za kabila la mbali. "Wa-wale wanaocheza hawaangalii uso. Uso mtu anauchonga mwenyewe. Wa-wanaangalia mgongo. Mgongo mtu hajui kama anao." Na kweli, ukimkuta njiani hakutangulia hata siku moja. Alikaa nyuma ya watu. Nilidhani ni unyonge.

Unyonge haukuwa wake kabisa. Ukiondoa kile kigugumizi, ndani mlikuwa na kiburi cha kutosha watu watatu. Akimaliza kucheza kijiji cha Chilangala, alijifuta jasho msituni, akachukua kijiti chake cha panya, akazunguka kwa nyuma na kurudi uwanjani kama mpita njia. Akamsogelea mtu, akauliza, "Na-nasikia kulikuwa na lipiko. Lilikuwa zuri?" Akiambiwa lilikuwa zuri, aliuliza zuri kuliko la nani. Siku moja mzee mmoja alimjibu kwamba lilikuwa zuri, ila magoti yalikuwa mazito. Mchezaji aliumwa siku nne. Si mzaha, alilala, akakataa uji. Mkewe akaja kwangu kutafuta chumvi ya kumkandia magoti.

Kuna habari ya mzungu mwenye sanduku. Ilikuwa baada ya vita vya maji, ambavyo nitavifikia, kabla njaa haijakolea. Alipita na wapagazi wake, na sanduku lenye jicho la kioo ubavuni na mkono wa kuzungusha, akaomba achezewe. Wazee walikaa siku nzima kujadili jambo ambalo mzungu asingelidhani: lile jicho ni la mwanamume au la mwanamke? Mkalimani akaeleza kwamba picha zitakwenda Ulaya na zitaonwa kwenye kitambaa na watu wote.

"Ulaya wanawake wapo?" mzee mmoja akauliza.

Mkalimani akasema wapo wengi.

Ikaamuliwa lipiko licheze, ila kinyago kisiinuliwe hata kama mzungu atalia. Mzungu aliomba kiinuliwe, akatoa nguo pande mbili, hakikuinuliwa. Mchezaji akalichezea lile jicho mpaka mzungu akachoka kuzungusha mkono. Baadaye aliniuliza, kwa njia ya "wale wanaocheza", kama mtu aliyeingia kwenye sanduku huzeeka. Nikamwambia sijui, mimi nauza chumvi.

Nyumbani kwake nilikaribishwa kuliko nilivyostahili. Mkewe alikuwa mrefu kumpita, mkubwa kwangu kwa umri, nami nilimwamkia shikamoo, dada, akaitikia marahaba huku anasonga. Watoto watatu walikuwa wamezaliwa na wote walikuwa wamefariki, na hakuna aliyemwita kwa jina la mmoja wao. Mume hakuwa na msaada. Alilima mstari mmoja, akasimama kumtazama jirani anavyolima. Akitoka kucheza alilala siku mbili, na mke akateremka bondeni, akapanda na mtungi, akatwanga, akafua nguo zilizonuka nta na jasho bila kuuliza zilikuwa wapi. Lakini mwaka mkewe alipougua mguu, yeye ndiye aliyeshika mtungi. Mwanamume, na mtungi kichwani, katikati ya msafara wa wanawake. Walimcheka hadi bondeni na kurudi. Alikwenda hivyo siku kumi na saba, nami nilihesabu, na sikumwona akiona aibu. Nadhani alikuwa anaangalia migongo.

Kulikuwa na jambo moja la wawili hao ambalo lilinikera mwanzoni. Akirudi kutoka uwanjani, mke alimuuliza, "Umekamata wangapi?" Naye akajibu, "Wengi," hata kama mikono mitupu. Au akasema, "Hakuna hata mmoja," akalala bila kula. Mwanamke aliyekaa uwanjani tangu asubuhi, aliyeshangilia mpaka sauti ikakauka, anamuuliza mumewe habari za panya. Niliona ni upuuzi. Sikuwa nimeelewa kwamba pale ndipo alipokuwa anampa heshima yake.

Sasa nirudi nyuma, zilipokuja habari za maji. Mjumbe akapita akisema kuna dawa, ukiinywa risasi ya Mdachi inageuka maji. Huku Masasi wengine waliinywa, wengine hawakuinywa, na moto haukuuliza nani alikunywa. Lisekese ilipowaka nilipanda juu na mfuko mmoja wa chumvi. Mwanangu Saidi walimkamata njiani kubeba mizigo ya askari. Hakurudi. Nikaendelea kuitwa Mama Saidi.

Kijiji cha Mchezaji hakikuinywa dawa ile, na haikukisaidia. Askari wakapanda kutafuta chakula cha jeshi. Alikuwepo mmoja kati yao, mnene, mwenye masharubu, aliyekuwa na ufundi wake. Akifika kwenye ghala ya mtama hakuifungua. Aligonga ukuta kwa fundo la kidole, akaweka sikio, akasikiliza, akatabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akicheza tumboni. Kisha wenzake wakabomoa. Alitugongea ghala zote. Tukabaki na ming'oko ya kuchimba porini na majani, na watu wakaanza kuvimba miguu.

Wazee wakasema vijana waliokuwa jandoni lazima watolewe, njaa au si njaa. Ngoma zikapigwa na watu waliopumzika kila baada ya mipigo michache. Likatoka lipiko lenye masharubu.

Nimeona vituko vingi maishani. Kile sitakiona tena. Lilizunguka uwanja likiburuta tumbo. Likafika kwa mabibi waliokaa mstari, mifupa mitupu, likainama kwa bibi wa kwanza, likamgonga tumbo kwa fundo la kidole. Likaweka sikio. Likasikiliza. Likatingisha kichwa, hamna kitu. Likaenda kwa wa pili. Likagonga, likasikiliza. Kwa wa tatu likasikiliza sana, likatabasamu kwa mabega, maana uso wa mti hautabasamu. Bibi yule akacheka mpaka wakamshika asianguke. Tulicheka sote, watu ambao siku ile hawakuwa na nguvu ya kufukuza nzi. Jioni ile, mkewe alipomuuliza amekamata wangapi, alikuwa bado anagonga ukuta kwa fundo la kidole.

Nani alipeleka habari sijui. Siku ya tano wakaja, akida wa Mdachi mwenyewe na askari wanne, na wa masharubu alikuwemo. Wanaume walikuwa wameshaingia chakani. Chaka la kule juu ukiingia hatua ishirini hata mbwa hakuoni. Basi wakachukua wanawake. Nilijieleza kwamba mimi ni wa Lisekese, nipo kwa biashara. Yule wa masharubu akasema biashara yangu na iende pamoja nami.

Walitutia kwenye ua wa akida, ua wa miiba, hauna kivuli. Nikatuhesabu: kumi na tisa. Nikahesabu tena kutokea mwisho: ishirini. Mara ya kwanza nilikuwa nimejisahau mwenyewe.

Akida, mtu wa pwani, hakuwa na hasira. Alizungumza kama anayesoma bei.

"Namtaka aliyecheza askari. Akipatikana, mnakwenda nyumbani. Hapatikani, mnakaa."

Akawauliza mmoja mmoja. Wote walijibu neno moja. "Ni mfu, Bwana Akida. Sisi wanawake hatujui."

Alipofika kwa mke wa Mchezaji, yule wa masharubu akamshika kidevu. "Hata wewe hujui?"

"Mimi mume wangu anatega panya," akasema. "Ya wafu siyajui."

Maji walitupa kibuyu kimoja kwa siku, watu ishirini. Kila asubuhi wawili wetu waliteremshwa bondeni kuchotea askari, na wakirudi na mitungi imejaa wanapita mbele yetu. Siku ya tatu bibi yule aliyecheka uwanjani alikufa akiwa ameegemea begani kwangu. Nikabaki nimekaa vile vile kwa muda, kwa sababu nilikuwa sijajua. Tukawa kumi na tisa.

Mchana ule akida aliniita pembeni.

"Wewe si wao. Wewe ni mwenzetu, unasali, unajua maana ya amri. Na unajua ni nani."

Nilijua. Sikulishwa kiapo na mtu, wala jando lao si langu. Mbele yangu mlikuwa na wanawake kumi na wanane, na upande mwingine mtu mmoja ambaye hajui kulima. Hesabu hiyo haihitaji kurudiwa. Mtu akinisoma hapa aniambie angefanyaje. Lakini aniambie akiwa na kiu.

"Nikikutajia, unawaachia wote? Si mimi peke yangu."

"Wote."

"Na maji leo."

"Maji kesho, ukishanitajia."

"Maji leo, jina kesho asubuhi," nikasema. "Mimi mzigo siutoi mkono mmoja ukiwa mtupu."

Akacheka. Akaagiza mitungi miwili. Wanawake wakanywa, wengine wakajimwagia vichwani, na mimi nikanywa. Mke wa Mchezaji alikuwa wa mwisho. Alishika kibuyu kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa juu ya ukingo wake.

"Umetununulia maji kwa bei gani, Mama Saidi?"

"Bado tunapatana, dada."

Akanywa. Akanywa yote, pole pole, akanirudishia kibuyu. Alfajiri aliomba awe mmoja wa wawili wa kuteremka bondeni.

Jua lilipokuwa kali nilikuwa nimeamka muda mrefu, akida hajaniita bado, nina jina mdomoni. Ndipo mlangoni pa ua akasimama mtu mfupi mwenye kijiti begani. Hakuwa na panya hata mmoja.

"Ni-nime-nimekuja," akasema. "Ni-ni-ni mimi."

Akida akamsubiri amalize, kisha akageukia askari wake. "Wamemtoa kafara mtu wao wa bure."

Yule wa masharubu ndiye aliyekasirika zaidi. Alimzunguka, akamtazama kuanzia kisigino. "Huyu? Mimi niliigwa na huyu?" Kuigwa aliweza kukusamehe baada ya kukuua. Kuigwa na kitu kama kile, hapana.

"Kama ni wewe, cheza," akida akasema.

Mchezaji akatutazama. Akaomba, na ilimchukua muda mrefu, kwamba wanawake watolewe kwanza, au wageuzwe. Akida akasema hakuna anayetoka na hakuna anayegeuzwa mpaka ajue kama ameletewa mtu mwenyewe au mjinga.

Mkewe alikuwa amesharudi na mtungi. Akautua. Akakung'uta nguo yake, akasimama, akatugeuzia mgongo, akasogea hadi miiba ikamgusa paji la uso. Mwanamke wa pili akasimama, akageuka. Wa tatu. Mwingine aliyekuwa hawezi kusimama akajiburuta na kugeukia miiba amekaa. Askari wakapiga kelele, wakawavuta mabega wawili watatu. Ukimwachia tu anageuka tena. Mwishowe wakachoka. Ua mzima ukawa migongo. Kisha mmoja wao, nadhani ni mkewe, akaanza kugonga kibuyu kitupu kwa viganja, mdundo ule wa lipiko.

Naye akacheza. Uso mtupu, mchana, bila nta, bila nguo, mbele ya migongo. Lile tumbo likamtoka, mtu asiye na tumbo. Akaenda kwenye nguzo ya ua, akaigonga kwa fundo la kidole, akaweka sikio. Safari hii uso ulikuwepo, na uso ule ulitabasamu. Askari watatu wakaangua kicheko. Wa nne akawa anajiona.

"Rudia," akasema yule wa masharubu, sauti ndogo. "Rudia hiyo ya sikio."

Hapo mtu mwenye akili angeharibu. Angekosea makusudi, akaambulia kicheko na teke. Mchezaji akarudia, na akarudia vizuri zaidi.

Walimpiga viboko ishirini na tano. Nilihesabu. Safari hii sikurudia kutokea mwisho. Wakamfunga mnyororo pamoja na wengine kwenda kufanya kazi pwani, na sisi wakatufungulia ua kama akida alivyoahidi. Alikuwa mtu wa ahadi.

Alirudi mvua tatu baadaye. Nilikuwepo nyumbani kwake, nimepanda na chumvi, mkewe anapepeta. Yule mtu akaingia uani, nywele nyeupe, mgongo umekunjamana kama gome. Mke hakusimama.

"Umekaa sana huko mitegoni," akasema.

"Pa-panya walikuwa mbali."

Akamletea maji.

Wazee walikaa kuamua habari yake. Wakawauliza wanawake wote waliokuwa uani: kuna aliyeona? Wote wakasema tuliona miiba. Mimi hawakuniuliza, mwuza chumvi wa Masasi hahesabiwi. Basi lipiko lilikuwa hai, wakamwambia acheze. Akasema magoti. Jandoni mwaka ule alicheza mtu mwingine, ovyo. Mwaka uliofuata wakamwomba tena, akasema magoti. Kinyago cha masharubu kililiwa na mchwa hukohuko kilikofichwa. Mtu aliyekuwa akiumwa siku nne kwa neno la mzee mmoja sasa alikaa mlangoni tangu asubuhi, hatazami mgongo wa mtu. Mkewe alimuuliza kila jioni amekamata wangapi. Alijibu, "Hakuna hata mmoja," na safari hii ilikuwa kweli kila siku, mpaka mke yule akafa.

Mara ya mwisho alikuja mwenyewe huku chini, Lisekese, kwa miguu. Nilishakuwa na kibanda changu, nimeacha kupanda. Alisimama pembeni kama zamani. Nikampimia kibaba, nikakijaza mpaka kikamwagika. Akakitazama.

"I-imezidi."

"Chukua. Pole kwa dada."

Nami nilikuwa na mzigo ambao nilikuwa nimeubeba miaka yote, nikautua pale pale. Nikamwambia kwamba siku ile asubuhi nilikuwa nimtaje. Nilikuwa nimeshapatana na akida, na maji tulikuwa tumeshayanywa.

"Na-najua," akasema. "M-mke wangu alisema na chaka, kule bondeni. Akasema, leo hii, mwanamke wa chumvi atalitoa jina. Njoo ulitoe mwenyewe. Lisitoke kinywani mwa mwanamke."

Nilikaa chini. Kumbe hakuitwa na kiu yetu. Bei niliipanga mimi, akaja kuilipa kabla sijaitaja.

"Lakini wote waligeuka," nikasema. "Hakuna aliyeona. Kwa nini hukucheza tena?"

"Mi-migongo ilikuwa mingapi?"

"Kumi na minane."

"Na wa-wanawake?"

Sikuhesabu mara ya pili. Tulikuwa kumi na tisa. Siku ile sikugeuka. Nilijiambia mimi si wao. Nilijiambia nataka kuhesabu waliogeuka. Ukweli ni kwamba sijawahi maishani kuacha kitu kizuri kipite bila kukikagua. Nilikodoa macho tangu alipoanza mpaka alipomaliza, na yeye alikuwa anacheza akiniona.

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayengoja neno limalize kumkwama, ila safari hii neno lilikuwa la kwangu, nami sikuwa nalo.

Nikainuka. Nikasogea hadi ukutani, ukuta wa udongo wa kibanda changu mwenyewe, nikaweka paji la uso pale. Mgongo wangu, aliokuwa ameuiba na kuuchezea Kitangari nzima, nikamwachia. Kulikuwa na debe tupu karibu na mkono wangu. Nikaanza kuligonga kwa viganja, mdundo ule, vibaya, maana sikufundishwa.

Muda ulipita. Nikasikia mguu ukiburuta. Kisha mwingine. Fundo la kidole likagonga nguzo yangu, likanyamaza, na katika ukimya ule nilijua sikio liko wapi. Pumzi yake ilikuwa nzito ya kizee. Kisha mtu akakaa chini, magoti yakalia. Nikasikia chumvi ikimiminwa, ikisawazishwa kwa kiganja, vibaba vikipangwa kimoja kimoja juu ya mkeka. Vikapangwa mpaka mwisho. Pakawa kimya, na shingo yangu ikajua kwamba kuna shingo nyingine inageuka kuwashuku watu. Kisha vikaanza kupangwa upya, kutokea mwisho.

Niliendelea kugonga debe mpaka viganja vikafa ganzi. Alipoondoka sikujua. Watu huniuliza kama kweli alikuwa mchezaji mzuri, na kama magoti yalimsumbua mwishoni. Nawajibu kama wenzangu walivyojibu: niliona ukuta.